Kabla hujaiinua pikapu, pima mzigo wake

MPENZI msomaji, kuna simu za Jumamosi usiku ambazo ukizipokea hujui ucheke au ushike tama. Simu ya shemeji yangu wa Kakuma ilikuwa mojawapo.

"Shemeji," aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi, "chama kimenipa mkopo. Sasa hii pikapu naivalisha suti."

Suti yenyewe alikuwa amekwisha kuipanga kichwani. Gari liinuliwe inchi nne. Springi za nyuma ziwekwe nzito kuliko zote zinazopatikana. Tairi ziwe pana za kumeza barabara. Mbele kuwe na bampa la chuma, juu kuwe na keria yenye taa sita, na ubavuni lipande bomba la kunyonyea hewa, kama yale magari meupe ya mashirika ya misaada yanayopita mbele ya duka lake kila siku.

Nilimwuliza swali moja tu: "Na dada anasemaje?"

Kukawa kimya. Kisha akajibu, "Dada yako hajui mambo ya magari."

Hapo ndipo nilipotaka kucheka, maana katika ukoo wetu wote hakuna mtu anayezijua springi za gari lile kuliko dada yangu. Alizijua usiku mmoja akiwa ameketi sakafuni mwake.

Usiku wa magunia ya mchanga

Pikapu ile shemeji aliinunua ikiwa imetumika. Kazi yake ni kuchukua bidhaa Lodwar na kuzipeleka Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Leo saruji, kesho unga, keshokutwa mabati au samaki wakavu waliotoka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Baada ya miezi michache springi za nyuma zililegea, gari likawa linaketi kwa nyuma kama mbwa aliyechoka. Fundi mmoja akamshauri aongeze mabamba matatu yaliyong'olewa kwenye lori kuukuu. Yakaongezwa. Kuanzia siku hiyo ukiipakia mifuko 20 ya saruji, yaani tani nzima, pikapu haikutikisika. Shemeji akatamba mjini.

Kisha usiku mmoja ukaja ujumbe kutoka kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Mwanamke mja mzito alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na damu ilikuwa imeanza kutoka. Pikapu ikaondoka tupu, dada yangu akiwa ndani. Walimlaza mgonjwa nyuma juu ya godoro, dada akakaa naye akimshika mabega.

Msomaji, njia ile ilikuwa ya mawe na mawimbi. Gari lililokuwa mfalme chini ya saruji liligeuka punda mkaidi. Kila tuta lilimrusha mgonjwa juu, na kila aliporushwa alipiga ukelele. Hawakuwa wamefika kilomita tatu dada alipoanza kulipiga paa la gari kwa ngumi. "Simama! Simama, utamwua!"

Shemeji alisimama katikati ya laga, mto wa mchanga usiokuwa na maji. Nyuma kulikuwa na magunia matupu. Dada akawaamuru wayajaze mchanga kwa mikono na kwa sahani, magunia manane, na kuyapanga kando ya godoro. Gari likashuka kidogo. Walipoondoka tena, kurushwa kukapungua, na mgonjwa akaweza kuvuta pumzi. Walifika hospitali ya Lodwar alfajiri. Mama alipona na mtoto pia.

Dada aliponisimulia kisa hiki aliongeza maneno ambayo sijayasahau: "Gari lao linajua saruji, halijui mtu."

Maneno hayo, mpenzi msomaji, ndiyo somo zima la leo. Hata kama wewe hujawahi kukanyaga Turkana, na gari lako ni la kwenda Gikomba na kurudi, au la kumpeleka mwanao shule ya bweni huko mashambani, yanakuhusu.

Springi hubeba, shokomzoba hutuliza

Wengi wetu huchanganya vitu hivi viwili. Springi kazi yake ni kubeba uzito na kukubali kubonyea gurudumu linapopanda jiwe. Karibu pikapu zote tunazoziona Kenya, iwe Toyota Hilux, Land Cruiser au Isuzu D-Max, zina springi za mabamba kwa nyuma, yaani vyuma virefu vilivyopinda na kulaliana. Mbele, zile za miaka ya karibuni zina springi za koili, zilizozungushwa kama waya wa godoro.

Springi ikishabonyea hutaka kuruka. Ikiachwa peke yake itaruka na kubonyea, itaruka na kubonyea, mpaka ichoke. Hapo ndipo inapoingia shokomzoba, au shoki kama waitavyo makanika. Ni mrija uliojaa mafuta, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo. Springi inapotaka kuruka, pistoni hulazimika kuyasukuma mafuta kupitia vitundu hivyo, na kwa kuwa mafuta hayapiti upesi, mruko unatulia. Nguvu ile haipotei, bali hugeuka kuwa joto.

Sasa mwanafunzi unayesoma ukurasa huu utaelewa kwa nini magunia ya mchanga yalisaidia. Springi iliyotengenezwa kwa tani moja haibonyei kwa uzito wa watu wawili. Kwa hiyo tuta likija, badala ya springi kubonyea, gari zima huinuliwa. Mchanga uliirudishia springi ule uzito iliokuwa ikiungoja. Springi ngumu kupita kiasi ni sawa na kutokuwa na springi.

Na tena si mgonjwa peke yake anayeumia. Gurudumu linalorukaruka haliishiki barabara. Ukikanyaga breki halishiki, ukikata kona linateleza kando. Gari tupu lenye springi za lori linaweza kukupeleka mtaroni penye kona ambayo gari la kawaida lingeipita kwa salama.

Barabara imebadilika

Jambo la pili ni kujua unaendesha wapi. Zamani serikali ya kikoloni iliichagua Lodwar kuwa mahali pa kumzuilia Mzee Jomo Kenyatta baada ya kifungo cha Lokitaung, kwa sababu ilikuwa mbali na kila kitu. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, lami ilifika. Kisha mwaka 1989 ulianzishwa mpango wa misaada wa Operation Lifeline Sudan, uliokuwa na kituo kikubwa Lokichoggio, na mwaka 1992 ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Malori mazito yakapita mwaka baada ya mwaka, na lami ikaoza. Waliosafiri huko kabla ya matengenezo wanakumbuka jinsi madereva walivyokuwa wakiikimbia barabara yenyewe na kupita vichakani kando yake, maana mashimo ya lami mbovu ni mabaya kuliko mchanga.

Katika miaka ya karibuni, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sehemu kubwa ya njia hiyo, kutoka Lokichar kupitia Lodwar kuelekea Kakuma, imewekwa lami upya. Pikapu iliyohitaji kupambwa kama kifaru ili ifike Kakuma, sasa inafika ikiwa na springi zake za kiwandani na tairi nzuri.

Basi jiulize: katika kila kilomita mia ninazokwenda, ngapi ni lami, ngapi ni changarawe, ngapi ni mchanga wa laga? Shemeji nilimtaka afanye hesabu hiyo kwa majuma mawili. Akagundua kwamba karibu safari zake zote ni za lami, isipokuwa anapopeleka bidhaa vijijini. Hatari yake kubwa siku hizi si mashimo. Ni mwendo wa kasi, mbuzi na ngamia wanaovuka jioni, na mito ya msimu inayojaa ghafla.

Hesabu ya darasa la nane

Kabla hujaenda kwa fundi, chukua kalamu. Pikapu nyingi za kawaida hubeba takriban tani moja, na tani hiyo huhesabu kila kitu kilichoongezwa juu ya gari lenyewe, watu wakiwemo.

Tuseme umepakia mifuko 10 ya saruji. Hiyo ni kilo 500. Pipa moja la dizeli la lita 200 lina kilo 170 hivi. Watu sita, kila mmoja kilo 70, ni kilo 420. Jumla ni kilo 1,090. Umekwisha kuipita tani moja, na bado hujahesabu bampa la chuma, winchi, keria, tairi ya akiba na mitungi ya maji. Kila lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mitungi mitano ya lita 20 ni kilo 100.

Tena si uzito tu, bali mahali ulipoweka. Kama gari lina mita tatu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ukaweka kilo 100 mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi kilo 100. Inabeba kilo 150, na ile ya mbele inapunguziwa kilo 50, kama watoto kwenye pembea ya ubao. Ndiyo maana pikapu iliyojazwa kwenye mkia huwa na usukani mwepesi, na taa zake hutazama mbinguni. Mzigo mzito uweke karibu na kabini, chini, katikati ya magurudumu.

Na hapa nakuomba usidanganywe. Springi nzito haziongezi tani za gari. Zinaondoa ile dalili ya kuketi, lakini ekseli, beringi, breki na chesisi ni zile zile za jana. Gari lililosimama wima chini ya tani mbili si gari lenye nguvu. Ni gari lililonyamazishwa lisilalamike.

Kadhalika ile mifuko ya upepo inayowekwa kati ya ekseli na chesisi ili kuinua nyuma. Ikitumiwa kwa kiasi inasaidia kusawazisha gari. Lakini springi ya mabamba huishika chesisi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli, ilhali mfuko wa upepo huisukuma mahali pamoja tu, katikati. Ukijaza upepo mwingi, ukapakia mkia, ukaingia mashimoni kwa kasi, chesisi inaweza kupinda kama kijiti kilichokunjwa juu ya goti.

Uchague nini?

Kanuni ni rahisi: chagua springi kwa mzigo unaoubeba siku nyingi, usichague kwa ule unaoubeba siku moja kwa mwezi. Watengenezaji wanaojulikana, kama Old Man Emu wa Australia, huuza springi za gari moja kwa madaraja tofauti ya uzito. Muuzaji mzuri atakuuliza kwanza unabeba kilo ngapi. Akikuonyesha rangi na bei kabla ya kukuuliza mzigo, mwage kwa heshima utoke.

Kwa mtu ambaye leo ana tani na kesho ana mgonjwa, kuna mpango wa springi za hatua mbili. Mabamba ya juu ni laini, hufanya kazi siku zote. Chini yake kuna bamba nene la akiba lisilogusa chochote mpaka mzigo uwe mkubwa. Gari likiwa tupu linakwenda kwa upole, na likipakiwa linapata mhimili.

Usichanganye mabamba ya magari tofauti. Bamba la lori lina mpindo wake, na likilazwa juu ya bamba la pikapu hayalaliani sawasawa, bali hugusana mahali pachache na kuvunjika hapo hapo. Wala usikubali bamba lililolegea lipashwe moto na kupigwa nyundo kando ya barabara, maana chuma cha springi kikipashwa ovyo hupoteza ule ugumu kilichopewa kiwandani. Litapinda vizuri leo na kulala tena mwezi ujao. Rahisi huvunja upishi.

Shokomzoba zilingane na springi. Springi ngumu na shokomzoba dhaifu ni farasi asiye na hatamu. Kwenye njia za mawimbi, zile zenye matuta madogo yaliyojipanga kama ubao wa kufulia nguo, shokomzoba hufanya kazi bila kupumzika. Mafuta yanapata moto, yanachanganyika na hewa na kutoa povu, na pistoni inapita katika povu kama kijiko katika uji mwepesi. Kwa hiyo tafuta zenye gesi ya nitrojeni ndani, ambayo huyabana mafuta yasitoe povu, na zenye mwili mnene unaopoa upesi.

Ukitaka kuzipima ukiwa safarini, simama baada ya njia mbaya, sogeza mkono polepole karibu na kila shokomzoba. Tatu zikiwa za moto na moja baridi, hiyo baridi imekufa. Zile za moto ndizo zilizokuwa kazini.

Na kuhusu mawimbi yenyewe, mwaka 2007 wanasayansi wa Toronto, Lyon na Cambridge walichapisha utafiti walioufanya kwa gurudumu dogo linalozungushwa juu ya mchanga. Waliona kuwa mawimbi hutokea gurudumu linapopita kasi fulani, hata kama gurudumu hilo halina springi. Chini ya kasi hiyo, mchanga ulibaki tambarare. Basi dawa ya kwanza kwenye njia ya mawimbi haiuzwi dukani. Iko chini ya mguu wako wa kulia.

Kuinua gari

Vijana hupenda gari refu. Inchi moja na nusu au mbili, kwa springi zinazofaa, huleta nafasi ya kutosha juu ya mawe bila madhara makubwa. Ukipita hapo, mambo hufuatana kama siafu. Pembe ya propela hubadilika, na viungo vyake huisha mapema. Usukani hupoteza ile tabia ya kurudi wenyewe katikati. Mipira ya breki hunyooka mpaka karibu kukatika. Taa huwapiga machoni wanaokuja. Na kubwa kuliko yote, gari linakuwa jepesi kupinduka, hasa lenye keria iliyojaa na watu wamekaa juu ya mzigo.

Nilimwambia shemeji: "Ngamia akikurukia barabarani ukiwa mwendo wa 100, ule urefu unaousifu ndio utakaokulaza."

Tairi, mchanga na miiba

Kama una fedha kidogo, anza na tairi. Tairi ndiyo springi ya kwanza, na ndiyo peke yake inayogusa barabara. Chagua ya kubeba mizigo, yenye ubavu mnene, na meno ya wastani yanayofaa lami na changarawe. Tairi pana mno huongeza ulaji wa dizeli na husugua bodi gari likikata kona.

Kwenye mchanga wa laga, punguza upepo. Tairi yenye psi 35 ikishushwa hadi 20 hivi hutandaza mguu wake kama ngamia, na gari linaelea badala ya kuzama. Lakini Turkana ina miiba, ya migunga na ya mathenge, ile miti iliyoletwa kutoka ng'ambo ikasambaa mpaka ikawa adui. Tairi iliyopunguzwa upepo hutoa mbavu nje, na mwiba wa ubavuni hauzibiki kama wa chini. Kwa hiyo shusha upepo kwa ajili ya mchanga tu, nenda polepole, usiparamie vichaka, na ukitoka ujaze tena kabla hujapanda lami. Tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa juu ya lami yenye joto la Lodwar, ambapo mchana hufika nyuzi 35 na kupita, huchemka na kupasuka.

Hiyo ndiyo sababu pampu ndogo ya umeme wa betri ina thamani kuliko taa sita za juu. Pamoja nayo uwe na tairi mbili za akiba, vifaa vya kuziba pancha, jeki, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki isizame mchangani.

Vumbi, joto na maji

Lile bomba la kunyonyea hewa lina faida yake: huvuta hewa kutoka juu ambako vumbi ni pungufu. Lakini lisipozibwa vizuri kwenye maungio linapitisha vumbi lile lile, nawe unabaki umeridhika. Kichujio safi cha hewa, radieta isiyozibwa na nyasi na wadudu, na kichujio cha dizeli chenye sehemu ya kutengea maji, hasa ukinunua dizeli ya mapipa, vitaiokoa injini zaidi.

Na bomba hilo si ruhusa ya kuingia mtoni. Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma ni mito inayoweza kuwa mchanga mtupu asubuhi na gharika jioni, kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona. Maji ya magotini yaendayo kasi yanatosha kulisukuma gari. Ungoje. Maji ya laga hupungua, mtu aliyechukuliwa harudi.

Uzuri wa mkakasi

Nimeyaacha mapambo mwisho makusudi. Shemeji alitamani magari ya mashirika, lakini mashirika hayo yana gareji zao, mafundi wao na maghala ya vipuri. Ukimwiga tembo utapasuka msamba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wenye umri wetu wanamkumbuka Joginder Singh, fundi na dereva wa Nairobi aliyeshinda mbio za Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Ule ushindi wa kwanza aliupata kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Hakushinda kwa kupamba. Alishinda kwa sababu kila nati ilikuwa imekazwa.

Tena kuna sheria. Ukibadilisha umbo la gari, badiliko hilo lataka kuandikishwa NTSA na gari kukaguliwa. Waambie na wenye bima kabla, si baada ya ajali. Bima ikikataa kulipa, mkopo wa chama hauangalii machozi.

Mkopo uliendaje?

Tulikaa siku tatu kwa simu, mimi, shemeji, na safari hii dada pia. Tukapanga fedha kwa utaratibu huu, nawe unaweza kuufuata. Kwanza yarekebishwe yaliyokuwepo: breki, bushi zilizolika, beringi, usukani. Pili tairi nne na za akiba mbili. Tatu shokomzoba nne za gesi. Nne springi za hatua mbili kwa nyuma, na koili za mbele zinazolingana nazo, gari likainuka inchi moja na nusu tu. Tano pampu ya upepo na vichujio. Bampa, keria na taa sita vikangojea siku nyingine.

Yale mabamba ya lori yalivunjwa moyo na spana asubuhi moja, na shemeji akayatazama kama mtu anayeagana na rafiki.

Sitakuficha kwamba kuna hasara. Zamani alikuwa akipakia hata mifuko 25 akijidai. Sasa hapiti 16, kwa sababu kuna yeye, utingo na vifaa. Hiyo ina maana ya safari moja zaidi kwa juma, dizeli zaidi, na jioni moja zaidi mbali na watoto. Alinung'unika mwezi mzima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami niliyeko Nairobi ni rahisi kumpangia.

Lakini juma lililopita alinipigia simu tena. Walikuwa wameitwa kijijini, safari hii kumchukua mzee aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Njia ni ile ile, mawe ni yale yale. Dada alikaa nyuma kama kawaida yake.

"Alilipiga paa?" nikamwuliza.

"Mara moja tu," akajibu shemeji. "Nilidhani ananiambia nisimame. Kumbe alikuwa akiniambia niongeze mwendo kidogo, mzee amelala."

Mpenzi msomaji, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla hujalipa hata senti ya kubadilisha gari lako, mwulize yule anayekaa nyuma. Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.